MAISHA YA LOUIS ARMSTRONG, MPIGA TARUMBETA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wazee wetu wakizikumbuka bendi za ujana wao hutaja Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz. Ukiwauliza neno hilo jazz maana yake nini, wengi watakujibu kuwa ni bendi ya dansi, basi. Lakini neno hilo lilitoka mbali. Lilizaliwa Marekani, na likavuka bahari ndani ya sahani za santuri. Mmoja wa wale waliozijaza sahani hizo kwa sauti zao, na aliyejulikana kuliko wote, ni Louis Armstrong, ambaye habari zake nataka kuwapa wasomaji wa gazeti letu. Maisha yake yalikuwa marefu na kurasa zangu ni chache. Kwa hiyo nitakaa zaidi juu ya jambo moja, nalo ni jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakiingia katika chumba cha kunasia sauti na kufanya muziki pamoja humo.

Louis alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901 katika mji wa New Orleans, kusini ya Marekani. Yeye mwenyewe alisema siku zote kuwa alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, ambayo ni sikukuu ya uhuru wa nchi yake, lakini baada ya kufa kwake kitabu cha ubatizo kilionyesha tarehe ya kweli. Baba yake aliwaacha mtoto angali mchanga. Mama yake, Mayann, alifanya kazi katika nyumba za watu, na kuna siku nyingi chakula kilikuwa hakitoshi. Louis akaanza kuchuma riziki angali mdogo sana. Alizunguka na gari la farasi la jamaa moja ya Kiyahudi, jamaa ya Karnofsky, waliohamia huko kutoka Lithuania, akiokota matambara na chupa mchana na kuuza makaa ya mawe jioni. Watu hao walimpenda, wakamlisha mezani pao, na wakamsaidia kununua koneti yake ya kwanza. Koneti ni ndugu ya tarumbeta, ila ni fupi kidogo na sauti yake ni laini zaidi. Tena Louis alikuwa na kikundi cha wavulana wanne walioimba njiani wakitupiwa senti. Nadhani yafaa kukumbuka jambo hili, kwa sababu kabla hajajua kupuliza alikwisha jua kuimba sauti yake huku akisikiliza sauti za wengine watatu.

Usiku wa kuukaribisha mwaka 1913 alifyatua bastola hewani katika shangwe za mwaka mpya. Askari akamkamata, na kesho yake akapelekwa katika nyumba ya kurekebishia watoto weusi. Huko alikaa mwaka mmoja na nusu hivi. Mwalimu wa bendi, Peter Davis, hakumpenda kwanza, akimhesabu kuwa mtoto wa mtaa mbaya. Baadaye akampa tari, kisha ngoma, kisha pembe ya kupigia wito wa kuamka na kulala, na mwisho koneti, na akamfanya kiongozi wa bendi ya watoto.

Mwalimu wake mkubwa hakuwa wa nyumba ile, bali alikuwa Joe Oliver, mpiga koneti hodari kuliko wote mjini, ambaye watu walimwita King, yaani Mfalme. Louis alimwita Papa Joe, kama mtu anavyomwita baba yake. Alikwenda nyumbani kwa Oliver kumtumikia mkewe, akitumwa huku na huku, na ujira wake ulikuwa kufundishwa koneti, kama vile mtoto wa chuoni alivyokuwa akimtumikia mwalimu wake katika pwani yetu. Oliver alimpa hata koneti yake kuukuu. Oliver alipohamia Chicago, Louis ndiye aliyeshika nafasi yake katika bendi ya Kid Ory. Halafu alipata kazi katika meli za abiria za mto Mississippi, katika bendi ya Fate Marable, na humo ndimo alimojifunza vizuri kusoma muziki ulioandikwa.

Mwezi wa Agosti 1922 simu ya maandishi ilimfikia kutoka Chicago. Oliver alimwita awe mpiga koneti wake wa pili. Louis alipanda gari la moshi. Maelfu ya watu weusi walikuwa wakifanya safari hiyo hiyo katika miaka ile, wakiukimbia ubaguzi na umaskini wa kusini.

Bendi ya Oliver ilipiga kila usiku katika jumba la dansi liitwalo Lincoln Gardens. Wimbo mmoja uliweza kuchukua robo saa au zaidi, kadiri wachezaji walivyotaka. Wapigaji hawakuwa na karatasi mbele yao. Kulikuwa na kipande katika nyimbo zao ambapo bendi nzima hunyamaza ghafla kwa hesabu chache, na koneti mbili hulia peke yao, zikienda pamoja kama watu wawili waliokariri maneno mamoja. Wanamuziki wa mjini walikuja usiku kwa usiku kuwatazama, wakashindwa kufahamu wanapatanaje. Siri yake ilikuwa hii: kabla ya kipande kile kufika, Oliver alikuwa akibonyeza vidude vya koneti yake bila kupuliza, kumwonyesha Louis atakalolipiga. Louis alitazama vidole, akatunga sauti ya pili papo hapo, na wakati ulipofika wakatoka sawasawa. Tazama basi kazi ya mtu wa pili ilivyo. Aliyetunga wimbo wa kwanza alikuwa na nafasi ya kufikiri, lakini wa pili alikuwa na pumzi moja tu.

Sasa nafika katika habari yenyewe. Tarehe 5 na 6 Aprili 1923 bendi hiyo ilisafiri mpaka mji mdogo wa Richmond, katika jimbo la Indiana. Huko kampuni moja ya kutengeneza piano ilikuwa na chumba cha kunasia sauti, na sahani zake ziliitwa Gennett. Kiwanda kilikuwa bondeni kando ya mto, na reli ilipita karibu. Gari la moshi lilipopita, kazi ilisimama mpaka mngurumo ulipokwisha. Katika miaka hiyo chama cha wabaguzi kiitwacho Ku Klux Klan kilikuwa na nguvu nyingi sana katika Indiana, na wapigaji wale saba wote walikuwa weusi.

Vijana wa leo tunanasa sauti kwa simu na kufuta tukikosea, na katika studio za siku hizi mpiga gita aweza kuja Jumatatu na mwimbaji Alhamisi, wasionane hata uso. Mwaka 1923 hapakuwa na maikrofoni katika chumba kile, wala umeme haukuwa na kazi katika kunasa sauti. Palikuwa na pembe kubwa iliyotokeza ukutani. Nguvu ya sauti yenyewe, ikiingia katika pembe, ilitikisa kiwambo chembamba, kiwambo kikatikisa sindano, na sindano ikachora mstari katika sahani ya nta iliyokuwa ikizunguka upande wa pili wa ukuta. Sahani ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi. Nta ile ilipaswa kuwa na joto ili iwe laini, na chumba kilifungwa pande zote, kwa hiyo wapigaji walitoka jasho sana. Tena nta haikuweza kuchezwa ili kusikiliza bila kuharibika. Mmoja akikosea, hapana kuziba; wote saba walianza upya juu ya nta nyingine.

Kwa kuwa pembe ilikuwa moja na haikuwa na akili, ilichukua zaidi sauti iliyo karibu na yenye nguvu. Hivyo kazi ya kuzipatanisha sauti, ambayo leo fundi huifanya kwa vidole juu ya meza yake, ilifanywa kwa miguu. Wa sauti ndogo alisogezwa mbele, wa sauti kubwa alirudishwa nyuma. Baby Dodds, mpiga ngoma, hakuruhusiwa kupiga ngoma zake kubwa, kwa sababu kishindo chake kingeirusha sindano nje ya mstari wake. Alipewa kugonga vipande vya mti. Bill Johnson, ambaye kwa desturi alipiga besi, alishika banjo. Honoré Dutrey na tromboni yake, Johnny Dodds na klarineti yake, na Lil Hardin aliyepiga piano, kila mmoja alitafutiwa mahali pake.

Ikabaki koneti mbili. Oliver na Louis waliposimama pamoja kama walivyozoea, sauti ya Louis ilimfunika mwalimu wake kabisa. Lil Hardin alikuja kusimulia baadaye kwamba ilibidi Louis apelekwe nyuma, futi kumi na mbili au kumi na tano kutoka kwa wenzake, akasimama pembeni peke yake. Lil alimwona amehuzunika, kana kwamba amefukuzwa, akamchekea ili kumtuliza. Yeye Louis alidhani kuwa kuwekwa mbali ni ishara ya kuwa hafai. Lil aliwaza kinyume chake: ikiwa lazima mtu huyu awekwe mbali hivyo ndipo Oliver asikike, basi nani aliye hodari zaidi?

Hebu fikirini hali ya wanaume wale wawili. Mmoja alikuwa mwalimu na bwana wa bendi, ambaye meno na ufizi ulianza kumwuma. Mwingine alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyemheshimu kama baba. Katika jumba la dansi hakuna aliyepima, maana Louis aliweza kuipunguza sauti yake kwa adabu. Pembe ya Richmond haikujua adabu.

Katika wimbo mmoja wa siku hizo mbili, Chimes Blues, Oliver alimwachia Louis apige peke yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Louis Armstrong kusikika peke yake katika sahani. Nimeisikiliza kwa kompyuta ya maktaba, na nakiri kwamba sauti ni hafifu, kama mtu anayepiga nyumba ya tatu huku kunanyesha. Lakini koneti ile inapoanza, hata asiyejua muziki atageuza kichwa.

Kuna kisa kingine cha chumba kile ambacho Baby Dodds alikisimulia mwenyewe. Katika wimbo wa Dipper Mouth Blues palikuwa na kipande cha kunyamaza ambapo yeye alitakiwa kupiga peke yake. Kwa hofu ya mahali pale alisahau. Ukimya ukawa mtupu. Bill Johnson alipoona hivyo akapaza sauti na kutamka maneno ya kumchochea mpigaji aendelee, na bendi ikaingia. Maneno yale yalibaki katika nta. Watu wakayapenda, na tangu hapo bendi nyingine zikiupiga wimbo huo huona ni lazima mtu apaze sauti mahali pale pale. Hivyo usahaulifu wa mmoja, uliookolewa na mwenzake, umekuwa sehemu ya wimbo.

Mwezi wa Februari 1924 Louis na Lil walioana. Lil alikuwa amesoma muziki, alijua mambo ya mjini, na hakupenda mumewe awe wa pili kwa mtu yeyote. Alisimulia kwamba Oliver alimwambia waziwazi kuwa maadamu Louis yuko katika bendi yake hawezi kumpita. Wakati huo ukazuka na ugomvi wa fedha katika bendi, na ndugu wawili Dodds wakaondoka. Louis alikaa kwa muda, kwa kuwa hakuweza kumwacha Papa Joe upesi. Lakini mwaka huo huo wa 1924 aliondoka, akaenda New York katika bendi kubwa ya Fletcher Henderson. Huko alipiga mwaka mmoja, kisha akarudi Chicago mwezi wa Novemba 1925.

Mara tu aliporudi, kampuni ya Okeh ilimtaka atoe sahani kwa jina lake mwenyewe. Akakusanya watu wanne: Kid Ory wa tromboni, aliyekuwa bwana wake New Orleans, Johnny Dodds wa klarineti, Johnny St. Cyr wa banjo, na mkewe Lil kwenye piano. Wakajiita Hot Five. Siku yao ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Novemba 1925.

Jambo la ajabu ni kwamba bendi hii, ambayo dunia nzima yaijua, karibu haikuwako nje ya chumba cha kunasia sauti. Usiku kila mmoja alikuwa na kazi yake mahali pengine. Louis alipiga katika jumba la sinema la Vendome pamoja na Erskine Tate, halafu akakimbilia dansi la usiku. Hot Five walikutana ili kutia sauti katika sahani tu. Mbele ya watu hawakupiga ila kwa nadra, kama katika onyesho la mwaka 1926 katika ukumbi wa Coliseum mjini Chicago. Basi waliwezaje kupatana hivyo? Jibu ni kwamba wanaume wote wanne walikulia kazi yao New Orleans. Walifundishwa desturi moja: koneti huchukua wimbo wenyewe, klarineti huzunguka juu yake, tromboni hujibu kwa chini, na wengine hushika mwendo. Kila mtu alijua nafasi asiyotakiwa kuijaza. Waliupitia wimbo mara moja au mbili, wakakubaliana nani aanze na nani afuate, kisha wakatia.

Tena Louis alikuwa kiongozi asiyeogopa kuwapa wenzake nafasi. Katika wimbo mmoja wa siku ile ya kwanza, Gut Bucket Blues, anasikika akiwataja wenzake kwa majina mmoja mmoja na kuwatia moyo wanapopiga. Sisi tuliozoea bendi za dansi za nchi yetu, ambamo mwimbaji humtaja mpiga solo katikati ya wimbo, hatuoni ajabu. Nadhani wasikilizaji wa wakati ule waliona kama wamekaribishwa ndani ya chumba.

Tarehe 26 Februari 1926 walitia wimbo wa Heebie Jeebies. Husimuliwa kwamba Louis alidondosha karatasi ya maneno katikati ya kuimba, na kwa kuwa nta inazunguka na hapana kusimama, akaendelea kuimba kwa sauti zisizo na maneno, akiiga chombo. Kama kisa ni cha kweli au kimenogeshwa, wataalamu hawapatani, na waimbaji wengine walikwisha kufanya hivyo kabla yake. Lakini sahani hiyo ndiyo iliyowafanya waimbaji wengi waige.

Karibu na wakati huo kazi yenyewe ya kunasa sauti ikabadilika. Tangu mwaka 1925 kampuni kubwa zilianza kutumia umeme na maikrofoni badala ya pembe. Maikrofoni husikia hata sauti ndogo, nayo huweza kuvumilia vyombo vizito. Mwezi wa Mei 1927 Louis aliongeza wapigaji, wakawa Hot Seven, na Baby Dodds akarudi na ngoma zake. Tuba nayo ikaingia. Watu wakaacha kusogezwa kama mizigo.

Mwaka 1928 Louis alikuwa na wenzake wapya, na hasa Earl Hines, kijana mpiga piano ambaye mkono wake wa kulia uliiga tarumbeta. Tarehe 28 Juni mwaka huo walitia West End Blues. Huo ulikuwa wimbo wa King Oliver. Oliver mwenyewe aliutunga na kuutia katika sahani wiki chache tu kabla. Mwanafunzi aliuchukua wimbo wa mwalimu wake, na jinsi alivyoufanya, watu wengi wenye kujua muziki huihesabu kuwa moja ya sahani bora zilizopata kutengenezwa.

Inaanza kwa tarumbeta peke yake. Kwa muda usiofika robo dakika Louis anapanda na kushuka bila mtu wa kumsindikiza, bila ngoma ya kumpa hesabu, na wenzake watano wamenyamaza wakingoja. Fikirini hatari yake. Tarumbeta ikiteleza pale, wote wanaanza upya. Kisha bendi inaingia taratibu. Tromboni inapata zamu yake, na nyuma yake Zutty Singleton hapigi ngoma, anagonga tu kama kwato za farasi anayetembea. Halafu Louis anaimba bila maneno, kwa sauti ya chini, akijibizana na klarineti ya Jimmy Strong. Klarineti inasema neno dogo, naye anajibu, hakuna anayemkatiza mwenzake. Hines anapiga peke yake. Mwisho Louis anashika sauti moja juu na kuivuta kwa muda mrefu huku wenzake wakisonga chini yake, mpaka msikilizaji naye anashika pumzi. Yote hayo kwa dakika tatu na sehemu.

Mimi nimeisikiliza na ile ya Oliver. Ile ya Oliver ni nzuri na imetulia. Lakini ukizisikia moja baada ya nyingine utaona kama mtoto amerudi katika nyumba ya baba yake na kufungua madirisha yote.

Desemba ya mwaka ule, Louis na Hines walibaki chumbani wawili tu, tarumbeta na piano, wakatia Weather Bird. Wimbo huu Louis aliutunga siku nyingi, na bendi ya Oliver iliutia kule Richmond, mwaka 1923. Safari hii hapakuwa na koneti ya mwalimu ya kufuatwa. Wawili hao wanafukuzana, mmoja anamtega mwenziwe kwa kubadili mwendo ghafla, mwingine anaruka mtego na kutega wake. Aliyecheza bao na mtu wa kiwango chake ataelewa furaha iliyomo.

Habari za King Oliver baada ya hapo ni za huzuni. Ufizi wake uliharibika, akashindwa kupuliza. Bendi zake zilivunjika moja baada ya nyingine. Mwaka 1937 Louis, ambaye sasa alikuwa mtu mashuhuri, alifika na bendi yake mjini Savannah, katika jimbo la Georgia, akamkuta Papa Joe akiuza mboga njiani. Louis alimpa fedha alizokuwa nazo mfukoni, na wapigaji wengine wa bendi, wengi wao watu wa New Orleans, nao wakachanga. Usiku ule Oliver alikuja dansini amevaa vizuri, akasimama kando akisikiliza. Mwaka uliofuata, Aprili 1938, alifariki huko huko Savannah, na akazikwa New York. Louis alieleza mara nyingi mpaka uzeeni kwamba bila Oliver yeye asingekuwa kitu. 

Miaka iliyobaki nitaipita upesi, ingawa ni mingi. Louis alizunguka dunia, akacheza katika filamu, akapendwa na watu wa kila rangi, ingawa vijana wengine weusi walimlaumu kuwa anawachekea mno wazungu. Mwaka 1957, watoto weusi walipozuiliwa kuingia shule ya sekondari ya Little Rock, alimlaumu Rais Eisenhower hadharani kwa ukali, na akakataa kwenda Urusi kwa niaba ya serikali. Mwaka 1960 alisafiri katika Afrika, akafika Nairobi, na katika Kongo akapiga Léopoldville na Elisabethville, ambayo leo ni Kinshasa na Lubumbashi. Mwezi wa Desemba 1963 alitia wimbo wa Hello, Dolly!, akausahau, mpaka watu walipoanza kuudai katika maonyesho na bendi ikalazimika kujifunza upya. Mwezi wa Mei 1964 wimbo huo uliwaondoa Beatles katika nafasi ya kwanza huko Marekani, naye alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Mwezi wa Agosti 1967, usiku wa manane, alitia What a Wonderful World huko Las Vegas pamoja na bendi kubwa yenye fidla nyingi. Husimuliwa kwamba magari ya moshi yalipiga honi nje na kuharibu kazi, ikabidi kuanza tena, na Louis akacheka tu. Husimuliwa pia kuwa kazi ilipopita saa zake, Louis alikubali kupokea dola 250 peke yake ili wapigaji wa bendi walipwe haki yao ya saa za ziada.

Nyumbani kwake alikuwa na mashine za kunasia sauti kwenye utepe. Alinasa mazungumzo na wageni, chakula cha jioni, ugomvi mdogo na mkewe Lucille, na mara nyingine aliweka sahani zake za zamani na kupiga tarumbeta juu yake. Aliacha mamia ya tepe, na maboksi yake aliyapamba mwenyewe kwa picha alizokata katika magazeti.

Alifariki usingizini tarehe 6 Julai 1971 katika nyumba hiyo hiyo, iliyoko Corona, New York, mtaa wa watu wa kawaida ambao hakutaka kuuhama. Tangu mwaka 2003 nyumba hiyo ni makumbusho. Kule Richmond kiwanda kimebomolewa karibu chote, pamebaki gofu moja bondeni, na mbele yake pamewekwa duara chini kwenye njia za kutembea, kila moja kwa jina la mwanamuziki aliyetia sauti pale. Louis Armstrong anayo yake, na King Oliver anayo yake.